Mungu wa Bahari Mwenye Uso wa Baba

Tulimwita Wino, na mwenyewe aliitika. Kidole chake cha shahada na cha kati vilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa limau, na akishika kikombe cha chai ungedhani ametoka kupiga kura. Alichora lebo katika kiwanda cha uchapaji nilikokuwa nikiendesha mashine ya kukata karatasi. Lebo za sabuni, za dawa ya kikohozi, za rangi ya viatu. Hakuwa mwanamke msemaji. Lakini meza yake na mashine yangu zilitazamana, na watu wakitazamana miaka nenda miaka rudi, iko siku mmoja atafungua kinywa. Mengi ya haya niliyasikia kwake. Mengine niliyaona mwenyewe.

Baba yake alikuwa fundi mkuu wa idara ya maji, na mtaa mzima ulimwita Bwana Maji. Jina hilo alilipenda. Alikuwa mtu wa kifua kipana, ndevu nyingi, sauti ya chini. Funguo za koki zote za upande ule wa mji zilikuwa mikononi mwake, na mmoja alitembea nao kama wazee wengine wanavyotembea na bakora: chuma kirefu chenye mkono wa kukingama juu, cha kufungulia mabomba yaliyo chini ya barabara. Akipita nao watu walimsalimu mara mbili, ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa kiu.

Nyumbani kwao ilikuwa ghorofa ya tatu. Nje ya mlango, ukutani, Bwana Maji alijifungia koki yake mwenyewe ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Majirani walidhani ni ufundi tu, mtu na kazi yake. Kumbe ilikuwa fimbo. Hakuwa mtu wa kupiga, wala hakupaza sauti. Chai ikija imepoa, au shati likipigwa pasi vibaya, aliinuka taratibu, akatoka, akafungua kisanduku, akazungusha. Bomba la jikoni likakohoa, likatema upepo, likanyamaza. Basi ndiyo imetoka hiyo, mpaka mtu aombe radhi, na radhi yenyewe impendeze. Yeye mwenyewe alikuwa akioga kazini.

Mama alishuka ngazi na ndoo kwenda kwa mshonaji wa ghorofa ya chini.

"Leo tena?" mshonaji huuliza.

"Leo tena, shoga yangu."

"Si umwombe msamaha yaishe?"

"Nimeshaomba. Anasema nimeomba kwa mdomo, si kwa moyo."

Watoto walikuwa wawili, Wino na kaka yake mkubwa. Kaka alijifunza mapema kwamba mwenye nguvu mpishe. Alimchekea baba, akamshikia mfuko wa vyombo, akaitwa mwana. Wino alichora. Alichora pembeni mwa madaftari, juu ya bahasha, nyuma ya kalenda zilizokwisha muda wake. Mwalimu wa sanaa shuleni alimgawia karatasi nzito za rangi za maji zilizobaki darasani, akampa kalamu ya kuchovya na chupa ya wino mweusi, akamwazima na kitabu cha hadithi za Wagiriki wa kale ili achore miungu yao. Alipomaliza shule, mwalimu huyo huyo ndiye aliyempeleka chuo cha sanaa kufanyiwa usaili. Akakubaliwa.

Ilibaki ruhusa ya baba. Mwalimu akavaa koti lake akaja nyumbani kuomba.

Bwana Maji alimpokea vizuri kupita kiasi. Alimkalisha kwenye kiti chake, akamwitia chai, akasikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Mwalimu, nashukuru. Lakini mwanangu hatakwenda kuchezea rangi. Atatafutiwa kazi ya maana."

Hapo mama, aliyekuwa amesimama na sinia, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia: "Mwache mtoto aende, baba yao. Ana mkono."

Bwana Maji akatabasamu. Akamsindikiza mgeni mpaka chini kabisa, wakaagana wakicheka. Aliporudi alifungua kisanduku, akazungusha, akachukua kofia yake akaenda kazini.

Safari hiyo maji yalifungwa siku kadhaa. Mama hakuomba radhi. Wino alitaka yeye ndiye ashuke na ndoo, mama akakataa, akasema hili ni lake. Asubuhi moja, akipanda na ndoo iliyojaa, maji yakamwagikia miguuni, kandambili zikateleza, akaanguka ngazi hadi ngazi mpaka mlangoni kwa mshonaji. Nyonga ikavunjika. Hospitali waliiunga, lakini iliunga upande. Kuanzia siku ile mpaka anakufa mama alitembea akichechemea, mkono mmoja ukutani. Bwana Maji alikwenda kumwona wodini na mfuko wa machungwa. Aliwaambia wauguzi kwamba mkewe ameteleza kwenye sabuni, na kwamba amemwonya mara nyingi kuhusu haraka zake.

Wino alibaki peke yake nyumbani, mabomba makavu, jikoni kukiwa na jagi moja la maji ya kunywa. Akalichukua. Akatandaza karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akailowesha kwa maji yale, akachora.

Katika kitabu cha mwalimu mlikuwa na Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki. Wino aliniambia kwamba katika miungu wote huyo ndiye aliyemwelewa tangu ukurasa wa kwanza. Alikuwa mwenye kinyongo. Mtu akimuudhi, alimfuata baharini miaka na miaka bila kuchoka. Na watu wa nchi moja walipoamua jambo ambalo hakulipenda, aliikausha mito yao. "Nikasema, huyu namjua," Wino aliniambia. "Huyu ndiye anayekaa na sisi."

Picha hiyo niliiona baadaye. Mimi si mtaalamu, nasema nilichokiona. Chini kulikuwa na bahari, buluu na kijani vimeachwa vitiririke vyenyewe, na mahali pengine alinyunyizia chumvi rangi ikiwa mbichi, ikafanya madoa kama povu. Ndevu zilikuwa wino uliodondoshwa kwenye karatasi iliyolowa, ukatambaa kila upande kama mizizi inayotafuta mahali pa kushika. Uso ulichorwa kwa kalamu, mstari mwembamba, hakuna pa kujificha: paji lile la uso, jicho lile lililofumba nusu la mtu anayesubiri uombe radhi vizuri zaidi. Mkononi, mahali pa mkuki wa ncha tatu, alishika ufunguo wa koki. Na chini pembeni, mdogo kama ukucha, kulikuwa na mtu mwenye khanga na ndoo, amegeuka mgongo, wimbi likimjia.

Ilipokauka aliiweka juu ya kiti cha baba yake, akakaa kusubiri. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye mfuko. Alitaka baba aione, aelewe, alipuke. Alitaka afukuzwe. Mtu aliyefukuzwa haombi ruhusa ya kwenda chuo.

Bwana Maji aliingia na mwanawe mkubwa. Akaiona picha. Akafuta mikono kwa leso, akaiinua, akaipeleka dirishani penye mwanga. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu nani?" baba akauliza.

"Poseidon. Mungu wa bahari wa Wagiriki."

"Mungu wa bahari." Akamgeukia kaka. "Umeona? Mungu wa bahari, na sura ameazima kwangu!"

Akaangua kicheko. Kaka naye akacheka, maana baba amecheka. Bwana Maji akaweka kidole gumba kwenye pembe ya chini ya karatasi, akakiondoa. "Picha kama hii haikai chini," akasema. "Kesho naipeleka kwa seremala iwekewe fremu na kioo."

Ilikuwa kama kumtupia mtu jiwe, akalidaka, akakushukuru kwa embe.

"Na chuo?" Wino akauliza.

"Chuo cha nini tena, mwanangu? Mtu anayechora hivi anakwenda kufundishwa nini? Watakuharibia mkono bure."

Jioni hiyo maji yalirudi bila mtu kuomba radhi. Wiki iliyofuata Bwana Maji alizungumza na mtu anayemfahamu, na Wino akapata kazi ya kuchora lebo. Mfuko wa nguo aliufungua mwenyewe.

Nilimuuliza kwa nini hakuondoka tu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuruka. "Mama alikuwa bado kitandani," akasema. "Nani angeshuka na ndoo?"

Mama aliporudi kutoka hospitali na gongo lake, picha ilikuwa tayari ukutani sebuleni, mbele ya kiti alichopenda kukalia. Aliikazia macho.

"Umemfanya mzuri kuliko alivyo," akasema.

"Mama, mtazame vizuri."

"Nimemtazama maisha yangu yote, mwanangu. Sasa nitamtazama mara mbili."

Na alimtazama mara mbili mpaka alipokufa. Wageni walikuja, mafundi wenzake na wakubwa wa idara, wote wakasimamishwa mbele ya picha. "Binti yangu huyo," Bwana Maji husema. "Ananipenda mno, mpaka ameniabudu!" Wageni wakacheka, wakamsifu Wino, wakamwambia ni mtoto mwenye baraka. Mama akipita na sinia ya chai, akichechemea, wakamsogezea miguu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza yule mdogo wa pembeni ni nani.

Kaka alioa, akahama, akafungua biashara ya kuuza matangi ya plastiki ya kuhifadhia maji. Ikamnyookea, kwa sababu mji ambao maji yake hayatabiriki ni shamba zuri kwa muuza matangi. Wino alibaki. Bwana Maji alistaafu, na kabla hajaizoea pensheni akapigwa na kiharusi. Upande mzima wa kulia ukalala. Kaka akaja, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akasema, "Dada, wewe ndiye unayemjua tabia zake." Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla ya kuja kiwandani Wino alimwogesha baba yake, akamvisha, akamlisha, akamkalisha mbele ya picha.

Mimi nilikwenda kwao siku moja ya mapumziko, mchana, kumjulia hali mzee. Ndipo nilipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza, nami nikasema lile ambalo kila mgeni husema.

"Dada, kweli ulimpenda baba yako."

Wino alikuwa akimimina chai. Birika likasimama hewani. Akaliweka chini, akamgeukia mzee kitini.

"Baba," akasema, "mgeni wangu ananisifu. Nimechoka kusifiwa. Mimi picha ile sikuichora kukusifu. Niliichora siku mama alipokuwa hospitali. Nilikuchora ulivyo."

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee akasema, kwa ule upande wa mdomo uliobaki hai, polepole lakini kila neno likasikika:

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua siku ile ile. Nilimwona mama yako pale pembeni. Na ndoo yake."

Wino akashika mgongo wa kiti. "Ulimwona. Na ukacheka."

"Ulikuwa umefunga mfuko. Niliuona nyuma ya mlango." Akapumua. "Ulitaka nikasirike. Ningekasirika, ungekwenda zako. Nikakusifu, ukabaki."

Hakukuwa na majuto katika sauti yake. Alisema kama fundi anayemweleza mwanafunzi wake kwa nini bomba lile alilipitisha huku na si kule. Ndani ya jicho lake zima nikaona, naapa, kitu kama fahari.

Mtaani watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani, tunausikia.

"Nipe maji," mzee akasema.

Wino akaingia jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa, likaachwa likimwagika muda mrefu kuliko kujaza kikombe. Nilisema moyoni, leo hatayaleta. Akayaleta. Akamwinua kidevu, akamnywesha, akamfuta yaliyotiririka ndevuni, ndevu ambazo sasa zilikuwa nyeupe na chache. Kisha akanimiminia chai yangu, tukanywa.

Bwana Maji hakumaliza mwaka. Mazishini watu walikuwa wengi, idara ilileta basi. Msemaji wao alisema marehemu aliwanywesha watu wa mji huu maisha yake yote, na kaka akalia kwa sauti. Baada ya siku za matanga alikuja na fundi, wakaitoa picha ukutani.

"Mimi ndiye mkubwa," akamwambia Wino. "Na baba mwenyewe aliniambia."

"Alikuambia lini?"

"Alikuwa akiniambia mambo mengi, dada."

Wino aliiacha iende. Aliniambia hata alipata nafuu, ukuta ukabaki na mstatili mweupe tu, nao hauna macho. Nafuu hiyo haikudumu. Miezi michache baadaye nilikuwa kwenye mashine, lori likasimama nje ya kiwanda kuteremsha tangi jipya la maji la kiwanda chetu, jeusi, na ubavuni limebandikwa picha kubwa yenye rangi. Ndevu zile. Jicho lile. Chini yake maneno: MAJI YAKO, MIKONO SALAMA. Nikamtazama Wino. Alikuwa ameweka kalamu chini.

Baada ya hapo matangi hayo yalikuwa kila mahali. Ukipanda ngazi za jengo lolote ukatazama mji, baba yake alikuwa juu ya mapaa, mmoja huku, mmoja kule, wote wakisubiri uombe radhi vizuri zaidi.

Wino alikwenda dukani kwa kaka yake, nami nikamsindikiza. Kaka alimpokea kwa furaha, akamwitia soda, akamwonyesha safu ya matangi uani.

"Umeona kazi yako, dada? Wateja wanaipenda hasa! Wanasema mzee huyu ukimweka juu ya paa, maji hayaibiwi."

"Mama yuko wapi?" Wino akauliza.

Kaka hakuelewa. Ilibidi Wino amwonyeshe kwa kidole, kwenye pembe ya picha, kwamba palikuwa na mtu pale, na sasa hapana. Wimbi lilikuwa limekatwa likaishia patupu.

"Aa, yule!" kaka akasema. "Mchapaji alisema anachafua picha. Halafu, dada, kibiashara, nani atanunua tangi lenye mtu anayebeba ndoo? Tangi ni la kukuondolea ndoo."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kutafuta mwenzake wa kucheka. Alipomwona dada yake hacheki, akasema kwa upole, "Hata hivyo mama alikuwa hajali mambo hayo. Unamjua."

Wino aliiacha soda mezani, tukaondoka.

Siku chache baadaye Wino alikuja kazini na karatasi nzito, akawa saa za chai hatoki. Nilijua anachora nini, sikumuuliza. Alilowesha, akapaka, akachukua kalamu, akaweka kando, akaanza nyingine. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mwishowe akanionyesha yeye mwenyewe, akaziweka juu ya meza ya mashine yangu moja baada ya nyingine. Khanga ilikuwepo, mikunjo yake yote. Ndoo ilikuwepo, na mkono uliovutwa na uzito, na nyonga iliyounga upande, na ngazi. Mahali pa uso palikuwa na karatasi tupu.

"Hauji," akasema. "Wa baba nauchora nimefumba macho. Kila siku ya maisha yangu niliuangalia ule uso kujua leo kutakuwa na maji au hakuna. Wa mama sikuwa na haja ya kuuangalia. Ulikuwepo tu."

Nikamwambia atafute picha ya kupigwa, ya zamani. Alikuwa ameshatafuta. Zote zilikuwa za baba na wageni wake sebuleni. Katika moja unaonekana mkono wa mtu ukiweka kikombe.

"Lakini macho?" nikamwambia. "Macho hayasahauliki, dada. Alikuwa na macho ya namna gani?"

Akafikiri. Kengele ya chai ikalia, watu wakaanza kurudi kwenye mashine, na yeye bado anafikiri.

"Alikuwa anatazama ngazi," akasema, akazikusanya karatasi zake, akarudi kwenye meza yake, ambako lebo ya sabuni ilikuwa ikisubiri kumaliziwa.